Kisiki Hakijafa

Leo nataka tuzungumze juu ya visiki. Mkaa ukitajwa redioni, wengi hungoja kusikia gunia limefika bei gani Manzese au Mbagala jijini Dar es Salaam, ama serikali imesema nini kuhusu gesi. Nitafika huko. Lakini kwa miaka mingi tumebishana juu ya jiko na juu ya shoka, na hatukuuliza nini kinaendelea msituni baada ya mchoma mkaa kufunga magunia yake na kuondoka. Mimi naamini uhai au kifo cha msitu huamuliwa baada ya siku hiyo, na mara nyingi huamuliwa na watu ambao hawakushika shoka kabisa.

Kwanza tujue tunazungumzia miti kiasi gani. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu biashara ya mkaa Tanzania ilikadiria kwamba nchi ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Jiji lilikuwa likikua, maghorofa yakipanda, nyaya za umeme zikisogea hadi pembezoni, na katikati ya hayo yote jiko la mkaa likazidi kushamiri.

Sasa tazama tanuri lenyewe. Tanuri letu la kawaida, lile la kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na kuyafukia kwa udongo, hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Piga hesabu mwenyewe hapo ulipo. Gunia la kilo 50 limekula kati ya kilo 250 na kilo 500 za mti. Kilichobaki kimepotea hewani kikiwa mvuke, moshi na gesi, ikiwemo methani, ambayo huongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo tani milioni moja za mkaa ni tani milioni 5 hadi 10 za miti, kila mwaka. Mchoma mkaa mzoefu, anayekausha magogo yake kabla ya kuyapanga, anayeziba nyufa na kulilinda tanuri usiku na mchana, hupata mkaa mwingi kwa miti michache. Yule anayechoma kwa kujificha, akihofia askari wa misitu, hana muda wa kukausha wala wa kulinda. Atakata miti zaidi kwa magunia yaleyale. Naomba mlishike hilo, kwa sababu tutalihitaji tukifika kwenye habari za marufuku.

Miti hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye miombo. Misitu hii imeenea kuanzia Angola, ikapita Zambia na kusini mwa Kongo, ikaingia Malawi, Zimbabwe na Msumbiji, na kwetu imeshika Tabora, Katavi, Kigoma, Mbeya, Morogoro, Ruvuma, Lindi. Lubumbashi na Lusaka hupikia miombo kama Dar es Salaam inavyopikia miombo. Ukipita kwa basi kati ya Julai na Agosti unaweza kudhani ni pori lisilo na kazi: nyasi zimeungua, majani yamepukutika, vumbi tupu. Kisha ikifika Septemba au Oktoba, kabla tone la mvua halijadondoka, mtundu na myombo hutoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, kilima baada ya kilima. Watu wa Songea na Tabora wanajua ninachokisema. Mti unaoweza kuchipua wakati ardhi imekauka namna ile unatumia akiba iliyofichwa mbali na macho yetu.

Akiba hiyo iko kwenye mizizi. Mche wa mtundu ukiota kutoka kwenye mbegu hukaa miaka kadhaa ukiwa mdogo kiasi cha kupitwa na nyasi. Kila kiangazi sehemu yake ya juu hufa kwa ukame au kwa moto, kila mvua zikirudi huchipua upya, na muda wote huo mizizi inanenepa. Ndiyo maana mtu akikata mti wa miombo na kuacha kisiki na mizizi yake, mti ule hajauua. Mvua zikinyesha, kisiki kitatoa machipukizi pande zote, na mizizi iliyotambaa karibu na uso wa ardhi itatoa yake. Emmanuel Chidumayo, mwanaikolojia wa Zambia aliyetumia miongo kadhaa kuichunguza misitu hii, ameandika kwa kirefu jinsi maeneo yaliyokatwa kwa ajili ya mkaa yanavyorudi yenyewe, bila mtu kupanda mche hata mmoja. Yakiachwa kwa amani, uzito wa miti yake unaweza kukaribia ule wa zamani ndani ya miaka 20 hadi 30.

Yakiachwa kwa amani. Maneno hayo ndiyo mzigo mzima wa mazungumzo yetu ya leo.

Kwa kawaida hayaachwi. Msitu ukikatwa wote kwa mkupuo, jua linafika chini moja kwa moja. Mahali palipokuwa na kivuli na nyasi chache panaota nyasi nene, ndefu kuliko mtu. Nyasi hizo zikikauka ni kuni tosha. Mwindaji akiwasha moto Septemba ili aone panya na digidigi, au mfugaji akachoma ili apate majani mabichi, au mkulima jirani akasafisha shamba na moto ukamtoroka, unakuja moto mkali kuliko ule uliozoeleka pale miti ilipokuwa imesimama. Machipukizi ya mwaka mmoja au miwili, ambayo bado hayajapita urefu wa mtoto, yanaungua hadi shinani. Kisiki kitajaribu tena mvua zijazo, na tena zinazofuata. Lakini akiba ya mizizi si ya milele. Moto ukirudi kila mwaka, na ng'ombe nao wakija kung'ata kilichosalimika, mwisho kisiki kinachoka. Hapo ndipo mti unakufa kweli, miaka mitano au sita baada ya shoka, na hakuna anayeandikiwa kosa hilo.

Halafu kuna jembe. Tafiti zilizofanywa Tanzania kuhusu nini hasa kinaondoa misitu zimerudia jibu moja: kilimo ndicho kinachotangulia, mahindi yakiwa mbele. Mkaa mara nyingi hupunguza msitu na kuuchakaza, jembe ndilo linaloufuta. Ila viwili hivi vinashirikiana, na sisi tunapenda kuvitaja tofauti kana kwamba havijuani. Mtu anayefungua shamba jipya hukata miti, huchoma mkaa kutokana na miti hiyo, na fedha ya mkaa ndiyo inayomlisha na kumnunulia mbegu hadi mavuno ya kwanza. Mwaka wa pili anang'oa visiki. Ukimkamata kwa mkaa umemkamata katikati ya safari yake. Ukimwachia ang'oe visiki kwa sababu kilimo hakina kibali cha misitu, umeuruhusu msitu ufe kwa mkono wa pili.

Nisije nikaeleweka kwamba shoka lenyewe halina madhara ilimradi visiki vichipue. Hapana. Kuna vitu ambavyo machipukizi hayavirudishi kwa miaka 20, wala 30.

Chukueni uyoga. Kila mwaka mvua zikishika, barabarani Iringa, Njombe, Songea na Tabora utawakuta akina mama na watoto na beseni za uyoga wa manjano, mwekundu, mweupe. Uyoga mwingi wa miombo hauoti kwenye kinyesi wala kwenye mti uliooza. Unatokana na kuvu zinazoishi kwenye ncha za mizizi ya mtundu, myombo na jamaa zao. Kuvu zinauletea mti madini na maji kutoka kwenye udongo ule maskini, na mti unazilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Hakuna anayeweza kuupanda uyoga huo nyumbani, kwa sababu hauishi bila mti wake. Miti ikiondolewa yote kwenye eneo, malipo ya sukari yanakatika, na mama aliyekuwa akijaza beseni nyuma ya kilima anakuta nyasi. Pale ambapo tanuri lenyewe lilikaa hali ni mbaya zaidi. Udongo umepikwa kwa siku nyingi, mbegu zilizokuwemo zimekufa, kuvu zimekufa, visiki vilivyofukiwa chini yake vimekufa. Ni sehemu ndogo ukilinganisha na eneo lote lililokatwa, lakini kovu lake hukaa. Ndiyo maana wachoma mkaa wazuri huweka tanuri jipya mahali palepale pa tanuri la zamani, badala ya kulitia msitu kovu lingine.

Chukueni nyuki. Asali ya Tabora, Katavi na Kigoma ni ya miombo. Nyuki hawana kiwanda kingine kule. Chipukizi huchukua miaka hadi likue na kutoa maua ya kutosha. Na nyuki wa porini, pamoja na hondohondo na ndege wengine wengi, wanataka mashimo ya miti kwa ajili ya makazi. Shimo huhitaji mti mzee: tawi limevunjika zamani, moyo wa mti umeoza taratibu, ndege akachimba, mwingine akarithi. Msitu wa machipukizi ya miaka 24 unaweza kuwa na kilo nyingi za kuni kwa ekari na usiwe na shimo hata moja. Mpimaji wa uzito wa miti atasema msitu umerudi. Hondohondo atapita juu yake na kwenda zake.

Tena mchoma mkaa hachagui ovyo. Mteja wa mjini anataka mkaa mgumu, mzito, unaokaa na moto hadi maharage yaive, na mkaa wa namna hiyo hutoka kwenye miti migumu ambayo imechukua muda mrefu kukua. Mkaa wa miti laini husagika njiani na hugeuka chenga ndani ya gunia. Kwa hiyo hata pale ambapo msitu haukatwi wote, unachambuliwa: miti migumu na minene inatoka kwanza, na kinachobaki kinazaa watoto wa aina yake. Baada ya awamu mbili tatu, msitu uliosimama si ule uliokuwepo, ingawa ukiutazama kwa mbali bado una rangi ya kijani.

Ukitaka kuona jambo hili likienda kwa miguu, soma utafiti wa Antje Ahrends na wenzake uliochapishwa mwaka 2010. Walipima misitu kuanzia kilomita 10 hadi kilomita 220 kutoka Dar es Salaam, wakalinganisha hali ya mwaka 1991 na ile ya 2004 na 2005. Walikuta mawimbi. Wimbi la mbele lilikuwa la mbao za thamani, zile ambazo sote tunazijua kwa majina, mninga, mkongo, mvule, na lilikuwa likisogea mbali na jiji kwa kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake lilifuata wimbi la mkaa, likisogea kilomita 2 kwa mwaka. Na kadiri walivyotembea kuondoka jijini, kila kilomita moja iliongeza kaboni iliyohifadhiwa na miti, na kila kilomita kumi iliongeza kama aina moja ya mti kwenye kila kipande cha msitu walichopima. Hesabu kwa kurudi nyuma: tukisogelea jiji kilomita 100, tumepoteza aina kumi za miti katika kipande kinachozidi kidogo tu nusu ya uwanja wa mpira. Miti hiyo haikuondoka kwa sababu ya mtu mmoja mwovu. Iliondoka sufuria baada ya sufuria.

Na hapa sharti nitenganishe misitu miwili ambayo kwenye mazungumzo yetu huwa tunaitia kapu moja. Miombo imezoea moto, ukame na kukatwa, inajua kurudi. Misitu ya pwani ni jambo lingine. Pugu na Kazimzumbwi, pale Kisarawe, mlangoni mwa Dar es Salaam, ni mabaki ya misitu ya kale sana yenye mimea na wanyama ambao hawapatikani kwingine ila katika vipande vichache vya mwambao. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia uliochanua kama brashi. Hayupo nchi nyingine yoyote duniani. Anaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na kila mmoja umezungukwa na watu. Kwa miaka mingi baiskeli zilitoka huko alfajiri zikiwa na magunia mawili matatu nyuma, zikaingia mjini kabla jua halijachomoza. Sasa misitu hiyo imepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na nashukuru. Nasema bila kuyumba: kwenye misitu ya namna ile mkaa usichomwe hata gunia moja, kwa kibali wala bila kibali. Hakuna mapumziko ya miaka 20 wala 30 yatakayomrudisha komba aliyekwisha kutoweka.

Kwenye miombo nasema lingine. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu, MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, walikaa na vijiji na kujaribu kuuvuna mkaa kwa kuufikiria msitu. Sehemu tu ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa mkaa. Ndani ya sehemu hiyo wakapima vitalu vya mita 50 kwa 50, na kuvikata kama ubao wa drafti: kitalu kimoja kinakatwa, kile kinachopakana nacho kinaachwa, ili mbegu, kivuli na kuvu za jirani zisaidie kuponya kilichokatwa. Kando ya mito haikuguswa, miteremko mikali haikuguswa, miti ya mbao ikaachwa. Kitalu kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Ushuru wa kila gunia ukaingia kwenye mfuko wa kijiji, na vijiji vikajenga madarasa, vikakarabati zahanati, vikavuta maji.

Linalonivutia zaidi huko Kilosa ni kwamba kisiki kilipata mwenyewe. Kitalu kilichokatwa mwaka huu ni fedha ya kijiji zamu yake itakaporudi, na mtu akiingiza ng'ombe au jembe humo anagusa mali ya watu. Kamati ya maliasili ya kijiji ina sababu ya kutembea kiangazi kukagua moto. Sitasema kazi imekamilika. Kitalu cha kwanza kabisa hakiwezi kuguswa tena kabla ya mwaka 2036, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyekwisha kuyaona mavuno yake ya pili. Na mashimo ya hondohondo niliyoyataja hayatapatikana kwenye vitalu hivyo. Yatapatikana kwenye ile sehemu ya msitu ambayo kijiji kiliamua kutoikata kabisa. Ndiyo maana sehemu ile isiyokatwa ni muhimu kuliko hata vitalu vyenyewe, na kijiji kinachosahau hilo kitabaki na shamba la kuni.

Msidhani ni sisi tu, watu wa jiko la mkaa, tunaoulizwa maswali haya. Huko Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, kuna kituo kikubwa cha umeme kiitwacho Drax ambacho zamani kilichoma makaa ya mawe na sasa huchoma vidonge vya mbao vilivyoshindiliwa. Sehemu kubwa ya vidonge hivyo huvuka bahari kutoka kusini mashariki mwa Marekani, na baadhi vimewahi kutoka kwenye misitu ya miti migumu, ikiwemo ile ya mabonde yenye maji ya North Carolina. Katika hesabu za Ulaya, moshi unaotoka kwenye bomba la kituo kama hicho huandikwa sifuri, kwa hoja kwamba hasara ya mti imekwisha kuhesabiwa kule ulikokatwa, na kwamba mti utaota tena. Mwaka 2018 karibu wanasayansi 800 waliliandikia Bunge la Ulaya kupinga mtindo wa kukata miti makusudi kwa ajili ya nishati. Hoja yao mama ilikuwa muda: ukiuchoma mti mzima leo, hewa ya ukaa inatoka leo, na itachukua miongo mingi mti mwingine kuirudisha, huku joto la dunia halisubiri. Nawatajia habari hizi kwa sababu mara nyingi mama lishe wa Buguruni, Dar es Salaam, huelezwa kama adui wa misitu ya dunia, huku tajiri anayechoma mti kwa mashine akiitwa rafiki wa mazingira. Mti hautofautishi. Swali ni lilelile Yorkshire na Kilosa: ulipochukua, umeacha nini, na nani anakilinda kwa muda gani?

Nirudi sasa kwenye marufuku. Januari 2006 serikali yetu ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Bei ikaruka, watu wakahangaika, na amri ile haikudumu. Kenya ilisimamisha uvunaji wa miti Februari 2018, na katazo likaja kuondolewa mwaka 2023. Nawaelewa viongozi waliofanya hivyo. Unapoona kilima kimebaki upara, mkono unataka kufanya kitu haraka. Lakini mnakumbuka yule mchoma mkaa wa kujificha niliyemtaja mwanzo. Marufuku isiyo na nishati mbadala sokoni inawageuza wachoma mkaa wote kuwa kama yeye. Tanuri linachomwa kwa pupa, magogo mabichi yanaingia, mkaa unapungua kwa kila mti, magunia yanasafiri usiku, na ushuru ambao ungelipa askari wa misitu au mfuko wa kijiji unaishia mifukoni mwa watu njiani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, ni jambo la maana zaidi kuliko marufuku yoyote, kwa sababu unaanzia jikoni. Lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwanza kwa ajili ya mapafu ya mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni mbele ya moshi. Na sasa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere upo, jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa unafuu ambao wengi bado hawauamini hadi walijaribu.

Ila gesi haijui kulinda msitu. Tuseme tumefanikiwa, mwaka 2034 umefika, na mjini mkaa hautakiwi tena. Kijiji kilicho na hekta elfu kadhaa za miombo kitazifanyia nini? Kama msitu hauna faida yoyote mkononi mwa wanakijiji, jirani mwenye trekta atakuja na mbegu za mahindi au ufuta, na mkutano wa kijiji utampa ardhi. Hapo visiki vitang'olewa, na msitu ambao mkaa ulikuwa ukiuchakaza utakuwa umefutwa na chakula chetu wenyewe. Kwa hiyo mpango wa nishati ya kupikia unahitaji kuandamana na mpango wa kumpa mwanakijiji kipato kutokana na msitu uliosimama: asali yenye soko la uhakika, uyoga uliokaushwa na kufungashwa vizuri, mbao zinazovunwa kwa mti mmojammoja, na kwa miaka hii ya mpito, mkaa wa vibali unaotoka kwenye vitalu vilivyopimwa. Nimeona watu wazima wakikasirika wakisikia mkaa ukitajwa kwenye orodha ya namna hiyo. Mimi nauweka hapo makusudi, kwa sababu katika miaka hii ya kuelekea 2034 mamilioni ya watu wataendelea kuupikia, tupende tusipende, na mkaa huo utatoka mahali fulani.

Mnaonisikiliza mkiwa vijijini, hamna haja ya kungoja mradi wowote kutoka nje. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nguvu ya kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Msitu mliokwisha kuukata miaka ya karibuni, kabla hamjafikiria kupanda miche ya kigeni mahali pake, nendeni mkaukague chini ya nyasi: mkikuta machipukizi, tayari mna msitu mchanga ambao hamkuugharimia chochote. Uzuieni usilimwe wala usilishwe ng'ombe hadi upite urefu wa mifugo. Na moto mtakaouwasha wenyewe mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini na kuzimika jioni, ukaondoa ule mzigo wa nyasi ambao ungelipuka Septemba. Kikao cha kupanga moto huo wa mapema, nani atawasha, upande gani wa upepo, na nani atasimama na matawi mpakani mwa shamba la jirani, kifanyike kabla mvua hazijakatika.